Kiondo Hakikuanza na Katani

Rafiki yangu tunayeishi naye alinunua nyuzi za krosheti kwa pesa ya stima. Tulikaa gizani siku mbili hapa Umoja, yeye kwenye kochi akifuma kwa mwanga wa tochi ya simu, akihesabu kwa sauti ya chini kama mtu anayesali rozari. Nilipomuuliza kama yuko sawa kichwani, alinijibu bila kuinua macho: "Buda, nina hobi sasa."

Huo ulikuwa mwaka wa 2021, kafyu ikiwa bado inatufungia ndani kila jioni. Mtaani kila mtu alikuwa amejipatia kitu cha kushika mikononi. Jirani wa juu alikuwa anaoka mikate na kuungua nayo. Dada mmoja wa floo ya chini alifuma kofia, baadaye tope, baadaye akaanza kuuza. Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa na laptopu yenye skrini iliyopasuka na kazi za kuandika makala za watu wengine, makala zisizo na jina langu, malipo yakija siku yanayotaka.

Shuleni tulifundishwa kwamba hobi kwa Kiswahili ni uraibu. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili: uraibu wangu ni kusoma vitabu vya hadithi. Baadaye ukubwani unafungua gazeti na kukuta neno lilelile likimhusu mtu aliyeshikwa na pombe au dawa. Neno moja linabeba jambo la kukuburudisha na jambo la kukumaliza. Nikimtazama rafiki yangu na nyuzi zake gizani, niliona lugha haikukosea.

Nyuma ya mlango wetu kulikuwa na kiondo. Susu, nyanya yangu mzaa baba, alinipa siku niliyoenda chuo kikuu mara ya kwanza. Ndani yake nilikuwa naweka chaja, risiti, na barua za chuo kuhusu karo. Zilikuwa tatu. Ya mwisho niliisoma mara moja tu, nikaikunja, nikaitia ndani kabisa chini ya chaja. Nilikuwa nimeacha masomo mwaka wa pili, na watu wote waliohitaji kujua walijua, isipokuwa yule aliyesuka kiondo chenyewe.

Usiku mmoja niliishusha ile kiondo, ndiyo, nilikuwa bado nasema "ile kiondo", Kiswahili changu cha mtaani hicho, nikaanza kukikagua kwa kidole. Mstari mwekundu, mstari mweusi, mstari wa rangi ya udongo. Sikuweza kuona kilipoanzia. Nikajiambia, hii ndiyo hobi yangu. Si krosheti ya wageni. Nitarudi kwa kitu chetu, cha jadi, ambacho hakijawahi kubadilika.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipeleka kusoma historia. Nilipomaliza kusoma, hakuna neno ndani yake lililobaki limesimama.

*

Nianze na krosheti, maana niliidharau bure.

Ukikulia Kenya unajua vitambaa. Viko juu ya kochi, juu ya meza, juu ya redio, juu ya televisheni. Ukivipangua unagombezwa. Kwetu sisi vitambaa ni mambo ya zamani, ya nyanya, ya nyumba yenye harufu ya mafuta ya taa. Lakini nyanya zetu hawakuzaliwa navyo. Kufuma na kudarizi kulikuja na misheni, kukafundishwa wasichana pamoja na Biblia na sabuni. Kisha mwaka wa 1952 serikali ya kikoloni ikaanzisha Maendeleo ya Wanawake, na vilabu vyake vikaenea vijijini vikifundisha usafi, upishi, kushona na kufuma. Ulikuwa mwaka uleule wa kutangazwa kwa hali ya hatari. Serikali ilitaka wanawake wakae darasani na sindano, wasiende msituni na chakula cha wapiganaji.

Wengi walifanya yote mawili. Wanawake ndio waliopeleka chakula, dawa, habari na hata risasi kwa Mau Mau, na mwanamke aliyebeba kikapu mgongoni hakuwa kitu cha kushangaza njiani. Lakini sindano nazo walizichukua. Kwa hiyo kitambaa unachokiona kwa nyanya yako kama alama ya ukale kilikuwa, siku yake, kitu kipya kabisa. Alikuwa msichana aliyeanza hobi, kama dada wa floo ya chini.

Nikasema sawa, krosheti ilikuja na meli. Lakini uchongaji wa Wakamba? Huo si ni wetu tangu enzi?

Kwetu si mbali na Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Ukipita hapo utaona wanaume chini ya miti, vipande vya mbao vimezagaa kama maganda, twiga wa kila ukubwa wamesimama wakisubiri mteja. Nimekua nikiamini Mkamba amechonga twiga tangu Mungu amuumbe twiga. Kumbe Wakamba wa zamani walichonga vitu vya matumizi: viti, mizinga ya nyuki, miko, fimbo. Vinyago vya kuuza vilianza na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alienda upande wa Tanganyika, akakutana na wachongaji wa huko. Masimulizi mengi husema walikuwa Wamakonde, mengine Wazaramo. Aliporudi nyumbani aliendelea kuchonga, akauza, akafundisha jamaa zake, nao wakafundisha wengine. Ndani ya kizazi kimoja Wamunyu ikawa jina linalojulikana hadi Ulaya.

Fikiria hilo kidogo. Mtu ametoka vitani, vita ambavyo havikuwa vyake. Amerudi na nini? Hajarudi na mali. Amerudi na kitu alichojifunza mikononi akiwa ugenini. Miaka mia moja baadaye mjukuu wa kijiji hicho yuko Umoja akiapa kwamba hiyo ndiyo mila yetu ya kale. Wala hajakosea kabisa, kwa sababu sasa ni mila. Kosa lake ni kudhani mila haina tarehe ya kuzaliwa.

*

Basi kiondo.

Kiondo chenyewe ni cha kale, hapo msinitoe jasho. Wakikuyu wana kĩondo na ciondo, Wakamba wana kyondo na syondo, na Kiswahili kikachukua neno hilo kikalipa wingi wake, vyondo. Jomo Kenyatta alipoandika kitabu chake kuhusu Wakikuyu mwaka wa 1938 aliweka ususi wa vikapu miongoni mwa kazi za ufundi, pamoja na uhunzi na ufinyanzi, na ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamke alibebea mavuno, mbegu, viazi, kila kitu, mkanda ukipita juu ya kichwa na mzigo ukilala mgongoni. Alisuka akitembea. Alisuka akingoja maji. Hakuna aliyeita hiyo hobi, wala hakuna aliyeita kazi. Ilikuwa ni mikono kutokaa bure.

Lakini kilisukwa kwa nini? Hapo ndipo nilipokwama. Kiondo nilichojua mimi kinasukwa kwa katani. Na katani si ya hapa.

Mkonge ni mmea wa Meksiko. Jina la kizungu, sisal, ni jina la bandari ya zamani katika rasi ya Yucatán ambako nyuzi hizo zilipakiwa melini. Miaka ya 1830 konsuli mmoja wa Marekani kule Meksiko, daktari aitwaye Henry Perrine, alipeleka miche Florida akiwa na ndoto ya mashamba makubwa. Ndoto hiyo haikufika mbali: mwaka wa 1840 aliuawa katika shambulio kwenye kisiwa cha Indian Key, lakini mikonge yake ikabaki Florida ikijiotea.

Nusu karne baadaye, Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, alikuwa anatafuta zao litakalostahimili ukavu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Meksiko haikutaka kuuza mbegu ya utajiri wake, kwa hiyo akaagiza miche kutoka Florida. Mwaka wa 1893 miche 1,000 ilisafirishwa kwa meli kupitia Hamburg. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62, ikapandwa karibu na Pangani.

Miche 62. Mingi ilikufa njiani. Ile iliyobaki ilizaa mashamba yaliyofunika Tanga na Morogoro, ikavuka mpaka ikaingia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, ikaenea Thika, Voi, Kibwezi. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa katani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Na huku Ukambani, mbali na mashamba ya wazungu, watu wa kawaida waligundua kwamba mmea huu wenye miiba haufi kwa ukame na ng'ombe hawaupendi. Wakaupanda kuwa ua. Mikonge iliyozunguka boma la susu, ile iliyonichoma mguu nikiwa mdogo nikikimbiza mpira, ina asili yake kwenye safari hiyo ya Yucatán, Florida, Hamburg, Tanga.

Kabla ya hapo wanawake walisokota nyuzi za magome. Ukambani kulikuwa na mbuyu, na kulikuwa na vichaka vya porini vyenye gome la nyuzi. Unamenya gome, unatafuna au kuloweka, unakausha, unasokota juu ya paja. Ni kazi ndefu. Msituni kulikuwa mbali, na kulizidi kuwa mbali kadiri ardhi ilivyochukuliwa. Kisha ukaja huu mmea wa uani, unyuzi wake mrefu, mweupe, unaoshika rangi vizuri. Nani asingebadilisha?

Sijui kama kulikuwa na bibi mmoja mkali aliyesema "hiki cha katani si kiondo." Ningependa awepo. Kila kizazi kina mtu kama huyo, na mimi usiku ule Umoja nilikuwa ndiye.

*

Kuna mahali Nairobi ambapo historia hii yote inakutana, na matatu inakupitisha hapo kwa kondakta kupiga kelele tu: Kariokor.

Jina lenyewe ni Carrier Corps limepita kwenye ndimi zetu. Hapo ndipo kulikuwa na kambi ya wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza kwenda kupigana na Wajerumani kule Tanganyika. Wengi hawakurudi. Ni vita vilevile vilivyompa Mutisya Munge ufundi wake.

Mwaka wa 1938 Kariokor ilipokea Wakamba tena. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kwamba Ukambani kuna ng'ombe wengi mno wanaoharibu udongo, ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama kikiwa kimefunguliwa Athi River. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, watu kutoka Machakos, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Walipiga kambi Kariokor wiki kama sita. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini uuzaji wa lazima wa ng'ombe ulikomeshwa.

Nikisoma habari hizo nawaza vitu vidogo. Watu wametembea kilomita zaidi ya sitini, na wengine zaidi sana. Wamekaa wiki sita. Chakula kilikuwa ndani ya nini? Wanawake walikaa wakifanya nini na mikono yao siku zote hizo? Vitabu havisemi, lakini mtu aliyelelewa na Mkamba hahitaji kitabu kwa hilo.

Leo ukiingia soko la Kariokor utakuta vyondo vimening'inia hadi dari. Vimetoka vijijini vikiwa havina mkanda, vimekuja kutiwa ngozi. Mafundi wa hapo, wengi wanaume, wanashona mikanda, wanapiga vifungo, wanaweka bitana ndani. Kiondo kinachoingia kwa mia kadhaa kinatoka kwa maelfu. Ni uhalali wa biashara, najua, na fundi wa ngozi naye anakula jasho lake. Lakini ukisimama hapo na kiondo cha susu yako mkononi, ukamsikia mwuzaji akimtajia mgeni bei, kifua kinabana.

Biashara hiyo ilishika moto miaka ya 1970. Wakati mashamba makubwa ya mkonge yalikuwa yanaanguka kwa sababu ya kamba za sintetiki, kiondo ndicho kilichopanda ndege. Kilionekana mabegani Ulaya, Marekani na Japani. Mwaka wa 1985 mkutano wa dunia wa wanawake ulipofanyika Nairobi, maelfu ya wanawake kutoka kila bara walijaa jijini, na si vigumu kukisia walirudi kwao na nini begani. Vijijini makundi ya wanawake, mwethya, yale yaliyokuwa yakisaidiana kulima na kujenga matuta, yakawa pia makundi ya kusuka. Susu alijiunga na lake wakati huo. Baba yangu alisoma sekondari kwa vyondo. Si methali hiyo, ni hesabu.

Kisha bei ikaanguka. Hadithi ambayo kila Mkenya ameisikia ni kwamba Wajapani walituibia kiondo, wakakiandikisha hataza, ikawa sasa si chetu. Nimeisikia kwa mwalimu, kwa mwanasiasa, kwa dereva wa boda. Lakini hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na hudumu miaka 20 tu. Kikapu ambacho wanawake walikuwa wamekisuka karne nzima mbele ya macho ya dunia si uvumbuzi mpya wa mtu yeyote. Kilichoumiza kilikuwa kitu cha kawaida zaidi: vikapu vya kufanana vilivyotengenezwa Asia kwa wingi, vikauzwa kwa bei ambayo paja la susu haliwezi kushindana nayo. Mtindo nao ukapita, kama mitindo yote.

Hofu ya kuibiwa haikuwa ya bure, lakini. Kikoi kilinusurika chupuchupu: kampuni moja ya Uingereza iliomba jina "kikoy" liwe alama yake ya biashara, Wakenya na marafiki zao wakapinga, na kufikia 2008 ombi likafa. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, ikaliagiza bunge litunge sheria ili jamii zifaidike utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka wa 2016 ikapatikana sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Ni sheria nzuri kuisoma. Susu hajaisoma.

Kilichomsaidia yeye ni karatasi za plastiki. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Wiki ile Nairobi nzima ilikuwa inashika sukari mkononi kama yai. Na polepole watu wakakumbuka kwamba kuna kitu cha kubebea ambacho mama zao walikuwa nacho. Dalali aliyekuwa amepotea kijijini miaka mingi akarudi na pikipiki.

Mwezi uleule mimi niliripoti chuo.

*

Nilienda kwa susu Desemba. Nilimwambia kwenye simu kwamba nataka kujifunza kusuka, akacheka mpaka nikadhani laini imekatika. Mimi nina jina la babu, kwa hiyo kwa desturi yetu yeye huniita mume wangu. Nilipofika langoni aliwaita majirani.

"Njooni mwone, mume wangu amekuja kusuka kiondo!"

Alinipa mkonge kwanza. Sikupewa uzi. Nilikata majani uani, nikayapasua, nikayaparua kwa bapa la chuma hadi utomvu ukanila vidole. Mwasho wake huusahau siku mbili. Tulianika nyuzi kwenye seng'enge. Kesho yake akanionyesha kusokota: vipande viwili juu ya paja, kiganja kinasukuma mbele, kinarudi, uzi unajikunja wenyewe. Kwake. Kwangu ulifumuka kila nikiinua mkono. Paja lake lina sehemu iliyong'aa, laini kama kioo, hakuna hata unywele. Miaka hamsini ya katani imepita hapo.

Nilimweleza niliyosoma. Meksiko, meli, miche 62. Alisikiliza akiendelea kusokota.

"Kwa hiyo mkonge ni mgeni," akasema.

"Ndiyo, susu."

"Na sisi tulikuja kutoka wapi? Si tulihamia?" Akavuta uzi mwingine. "Mama yangu alisuka kwa magome. Mimi nilisuka kwa katani. Miaka ile rangi ilipokuwa ghali nilifumua sweta za mitumba nikasukia sufi. Ukiniletea nyuzi za hiyo krosheti yenu nitasukia pia. Kiondo ni mkono."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekosea tangu mwanzo. Nilikuwa nimekuja kutafuta kitu kisichobadilika ili nijishikilie, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilika vibaya na sikutaka aone.

Kitako cha kiondo ndicho kigumu. Unapanga nyuzi zikipishana kama msalaba, kisha unazungusha uzi mwingine, unapita mbele ya mmoja, nyuma ya mwingine, unaongeza nyuzi kadiri duara linavyopanuka. Ukikosea hapo, ukuta wote utaenda upande. Changu kilikuwa kimejikunja kama chapati ya mtu anayeishi peke yake. Susu alikitazama, akachukua, akafumua chote, akanirudishia. Siku ya pili akafumua tena.

"Unajifunza ili uuze," akaniuliza, "au ili upige picha?"

Lilikuwa swali la haki. Sisi wa mjini tunaporudi kwenye kazi za mikono, tunarudi tukiwa na uhuru wa kuacha. Rafiki yangu alifuma sweta moja na nusu, nusu hiyo iko chini ya kitanda hadi leo. Hakuna mtoto aliyekosa karo kwa sababu hiyo. Susu hakuwa na uhuru huo. Kwake kiondo kilikuwa kazi ya usiku baada ya kazi ya mchana, na dalali akimwambia shilingi 400, ilikuwa shilingi 400. Hobi ni kazi ambayo njaa imekuachilia. Naona si dhambi kuwa nayo. Lakini ni vizuri kujua nani alikuwa anaifanya bila kuachiliwa.

Nikamwambia, "Susu, niliacha shule."

Hakusimamisha mkono. Nikaendelea, maana nikinyamaza sitaanza tena. Nikamwambia ilikuwa mwaka wa pili, nikamwambia kuhusu karo iliyorundikana, na pia ukweli mwingine ambao sikuwa nimemwambia mtu, kwamba hata ile karo ingelipwa, sikuwa nataka tena kurudi. Nikamwambia zile simu zote aliponiuliza mitihani iliendaje, nilidanganya.

Kuku walikuwa wanaparua chini ya kibanda. Alisokota uzi hadi mwisho, akafunga kifundo.

"Muhula wa kwanza nilikutumia ngapi?"

"Elfu kumi na sita."

Akahesabu kwa vidole, kwa Kikamba, midomo ikitembea. "Vyondo arobaini," akasema. Kiondo kimoja kwake ni wiki, shamba likimruhusu. Nilihesabu pia. Karibu mwaka mzima wa mikono yake, kwa muhula mmoja ambao nusu yake nililala.

"Basi hizo pesa sizitaki," akasema. "Pesa utaniletea uniambie deni limeisha. Nataka vyondo arobaini. Visivyoenda upande."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanirudishia kile kitako, akaniambia nianze tena pale kwenye msalaba.

*

Miaka imepita tangu hapo. Bado niko Umoja, bado naandika, sasa mara nyingine kwa jina langu. Nasuka usiku, na nasuka kwenye matatu, ambapo kina mama hunitazama halafu wananirekebisha bila kuombwa. Jamaa mmoja kwenye siti ya nyuma aliniuliza kama mimi ni mwanamke. Nikamwambia wachongaji wa Wamunyu nao walijifunza kwa watu wengine, akaniona nimechanganyikiwa, akashuka Donholm.

Nimepeleka vyondo saba. Vitano alivikubali. Viwili alivifumua mbele yangu, akanirudishia nyuzi, kwa sababu katani haitupwi.